Siku moja maishani mwangu: muuguzi wa chumba cha uangalizi baada ya upasuaji wa uzazi

Saa 1:30 asubuhi napokea zamu. Mimi ni muuguzi mkunga katika hospitali ya rufaa nchini Tanzania, na kazi yangu ni kukaa na wazazi waliojifungua kwa upasuaji mpaka ganzi au usingizi wa dawa uwatoke. Kwanza nakagua mtungi wa oksijeni na mashine ya kufyonza, kwa kuwa mtu ambaye hajazinduka vizuri anaweza kuzibwa njia ya hewa na mate au matapishi yake mwenyewe.

Saa 3:10 analetwa mzazi wa kwanza, aliyechomwa sindano ya ganzi mgongoni. Yuko macho, lakini anatetemeka mpaka meno yanagongana, kwa sababu ganzi hupanua mishipa ya damu na joto la mwili hupotea. Namfunika blanketi na kumwekea mtoto kifuani anyonye.

“Sista, mbona miguu siisikii?”

Namweleza kwamba kwa kawaida hurudi baada ya saa mbili hadi nne.

Kila baada ya dakika 15 napima presha na mapigo ya moyo. Saa 4:25 presha imeshuka hadi 85/50 na mapigo yamefika 124, ilhali mwenyewe anasema hajambo. Hasemi uongo: ganzi ile ile inayomwondolea maumivu inamnyima pia kuhisi unyevu wa damu inayomtoka. Ndiyo maana siliamini shuka la juu hata likiwa safi kiasi gani. Nalifunua, napitisha mkono chini ya kiuno chake, na kukuta shuka la chini limelowa. Nikigusa tumbo, mfuko wa uzazi ni laini. Nausugua huku nikiita msaada. Daktari anaagiza oksitosini zaidi, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, kwenye dripu, na baada ya dakika chache nasikia mfuko unakaza chini ya kiganja changu, damu ikipungua.

Saa 6:00 mchana anafika mama mwenye kifafa cha mimba, aliyepewa nusu kaputi. Namlaza ubavu, na sibanduki kitandani pake. Anafumbua macho, anauliza mtoto yuko wapi, anasinzia, kisha anauliza tena. Namjibu mara tano kwa upole ule ule, kwa maana dawa bado haijamruhusu kukumbuka jibu.

Saa 8:00 mama mkwe wa mzazi wa kwanza ananiita mlangoni.

“Mwanangu, hiyo sindano haitamwachia mgongo wa maisha?”

“Hapana, mama. Panapochomwa huweza kuuma siku chache. Ila akiumwa kichwa kinachozidi anapokaa na kutulia anapolala, mtuambie mapema, kwani kinatibika.”

Saa 9:20 alasiri yule mzazi anakunja magoti yote mawili bila msaada. Mwenzangu wa zamu ya jioni ameshafika. Kabla sijatia saini, tunalifunua shuka pamoja.