Waya wa Tatu

Jumanne, zamu ya usiku.

Vumbi la Julai limeingia mpaka kwenye sanduku la slaidi, vile vioo vya damu tunavyosoma kutafuta malaria. Tangu saa tatu nimefuta lenzi mara mbili, na upepo bado unagonga mabati kama mwenye nyumba anayedai kodi. Binti wa mafunzo niliye naye zamu hii ameinua kichwa kutoka kwenye hadubini: "Mwalimu, fildi hamsini nimeshapita, hakuna kitu. Hizo hamsini nyingine za nini?"

Fildi ni duara moja la damu unaloliona lenzini kwa mara moja. Nikamkumbuka Babu.

Tulimwita Babu kwa sababu ya mvi, naye hakukataa. Alikuwa Mmarekani, mstaafu wa maabara, aliyekuja Dodoma kujitolea kutufundisha. Kiswahili chake kilitosha kununulia nyanya Soko la Majengo, basi, ila "marahaba" aliitikia vizuri kuliko wazee wengine wa hapahapa. Kwamba kabla ya maabara alikuwa rubani wa jeshi la majini la kwao, wale wanaotua juu ya meli, tulikuja kujua kwa bahati. Uwanja wa ndege wa Dodoma uko mjini kabisa, ndege ikishuka utaisikia tu. Siku hiyo tulikuwa nje na vikombe vya chai, akaitazama moja ikitua, akacheka. "Hawa wamepewa shamba zima!"

Tukamng'ang'ania atueleze. Akachora chini kwa kijiti. Sitaha, yaani sakafu ya juu ya meli wanapotua, ni fupi, na meli yenyewe inatembea. Nyaya nne zimekingamishwa, ndege ina ndoano mkiani, na rubani analenga waya wa tatu. Kilichotushangaza ni hiki: magurudumu yakigusa tu, rubani hapunguzi moto wa injini, anausukuma wote mpaka mwisho. Kama ndoano imekosa nyaya zote, awe na nguvu ya kuruka tena kabla sitaha haijaisha. Kama imenasa, waya utamshika na kelele zake zote. "Huwezi kujua kwa wakati," alisema, "kwa hiyo unafanya kama umekosa."

Kisha kila kutua kunapewa alama na ofisa anayesimama ukingoni mwa sitaha, na alama zinabandikwa ukutani kwa rangi, marubani wote wazione. Babu akatuletea balaa hilo maabara. Slaidi zetu zilizorudiwa kusomwa alizipa rangi, akabandika karatasi mlangoni. Mimi nilikaa kwenye nyekundu muhula mzima, hata mpishi wa kantini alijua. Vita hakuvisimulia, na sisi hatukuuliza.

Yale ya kijiti nilidhani nimeyaelewa. Miaka miwili baadaye, kwenye kituo kingine, nimechoka, nikaandika "hakuna vimelea" baada ya fildi thelathini hivi. Mama alirudi siku ya pili, mtoto hawezi hata kukaa. Mwenzangu akaichukua slaidi ileile, akaviona: vipete vichache, yaani vimelea vya malaria vyenye umbo la pete, vimekaa mbalimbali. Mtoto alipona. Yule mama hakunigombeza. Alinishukuru kwa kumpimia tena, na mpaka leo ningependa angenigombeza.

Dodoma si Kigoma wala Geita. Malaria hapa ni kidogo, slaidi nyingi ni safi kweli, na hapo ndipo jicho linapojifunza kusinzia. Ukiona safi arobaini mfululizo, ya arobaini na moja unaisoma kwa mazoea. Hizo fildi mia kabla ya kuandika "hakuna" zimewekwa kwa ajili ya mtu wa aina hiyo, yaani mimi saa nane usiku.

Nimeanza kumweleza binti habari za meli na ndoano, nimefika kwenye waya wa pili, akanionyesha kiganja ninyamaze.

"Sabini na nne," amesema, jicho liko palepale. "Mwalimu, hebu njoo uone hiki."

Nimeenda. Lilikuwa vumbi. Akasogeza slaidi, akaendelea: sabini na tano.