"Na mzigo wa mtoto uko wapi?"

Tumerudi salama kutoka Mafinga, kwa mama mkwe. Sendofu ya wifi ilifana, shemeji mdogo katangaza uchumba mbele za watu bila hata mama yake kujua, na ofisini wamenihamishia tawi la Tegeta kuanzia kesho. Hayo yana siku yake. Kinachoninyima usingizi ni begi.

Kigari chetu mnakijua. Buti ya IST kabla hatujatoka Kimara ilikuwa imeshapata wenyewe: nazi za mama mkwe na samaki wake wa kukaanga wa Feri. Kiti cha nyuma ni cha mwanangu Bonge na kiti chake. Basi nikaamua mtoto asafiri na begi moja la mgongoni. Kanga nne, maana kanga ndiyo shuka, ndiyo mbeleko, ndiyo pazia la dirishani jua la Chalinze likianza ukorofi. Pampasi za njiani tu. Mafinga nako kuna maduka jamani, tena wanakuuzia hata moja moja. Nguo nyepesi za kuvalishwa moja juu ya nyingine, sweta zito, soksi na kofia, kwa sababu unatoka kwenye joto la Dar asubuhi, jioni uko kwenye ukungu. Chupa ya maji moto, bakuli, kijiko. Ndizi mbivu na parachichi zinauzwa njia nzima, za nini kuzibeba? Maziwa ninayo mwenyewe. Beseni nikaliacha. Nyumba gani ya Tanzania haina beseni?

Njiani sikupungukiwa kitu. Bonge alichagua kuharibu hali ya hewa katikati ya hifadhi ya Mikumi, pale barabara inapokatiza kilomita kama 50 na huwezi kushuka ovyo, maana huyo twiga unayemshangaa ana majirani. Tukavumilia hadi Mikumi mjini. Pampasi nikaifunga kwenye mfuko wa unga uliokwisha (tangu rambo zipigwe marufuku mwaka 2019, hata kinyesi cha mtoto kinataka mipango). Ruaha Mbuyuni tukanunua vitunguu, Kitonga tukapanda nyuma ya malori, polepole, hadi Bonge akalala.

Tukafika. Mama mkwe akampokea mjukuu, akasimama kuangalia vitu vikishushwa.

"Na mzigo wa mtoto uko wapi?"

"Ndio huu, mama."

Akalichukua begi, akalipima kwa mkono mmoja. "Aa. Nilidhani huu ni wako wewe."

Kisha akamgeukia mwanawe, akasema kitu kwa Kihehe. Baba Bonge akacheka.

Kihehe changu kinaishia kwenye "kamwene". Usiku nikamuuliza mwenzangu, mama alisema nini? "Alisema mtoto kanenepa." Jamani. Unene wa mtoto hauchekwi vile. Nikatembea na kile kicheko kila mahali: jikoni nikimenya viazi na mashangazi, ukumbini MC akiita familia ya bibi harusi, kwenye picha nikiwa nimetoa meno yote. Alisema mwanawe kaoa mvivu? Alisema mjukuu kaja kama wa kuokotwa? Au mimi ndiye niliyenenepa? Jibu la kumpa lilinijia keshoye nikimwogesha Bonge kwenye beseni lake yeye mwenyewe: "Mama, nilijua kwako hakukosekani kitu." Lina heshima, lina sukari, na kwa ndani lina kamwiba. Sasa nimpe nani?

Lakini siku ya kuondoka! Mama mkwe alifungua mlango wa nyuma, akatazama, akaanza kupakia. Viazi. Maharage. Parachichi. Unga. Nilishukuru hakukumbuka mbao, maana Mafinga wanazo. Mwisho akaleta jogoo kafungwa miguu, akamlaza chini ya miguu yangu. Begi la Bonge likaja mapajani. Kila nikisema, "Mama, inatosha," ananijibu bila kunitazama, "Si gari lilikuja tupu?"

Jogoo akawika Kitonga. Akawika tena Mikumi, Baba Bonge akiwa amepunguza mwendo kwa sababu ukigonga mnyama pale faini yake imeandikwa kabisa kwenye kibao. Bonge alikuwa anacheka hadi anakwama pumzi, mimi nami machozi yananitoka kwa kucheka. Nikaona hapohapo ndipo pa kumchomekea mtu.

"Lakini alisema nini siku ile?"

"Mama Bonge. Kanenepa."

Haya, dada wa kazi naye. Alituaga anakwenda kwao Handeni, akaahidi jana Jumamosi atakuwa amerudi. Simu yake haipatikani. Mama wa jirani ambaye huwa ananishikia mtoto ana msiba, na kesho saa mbili natakiwa niwe Tegeta, kwa foleni ile mnayoijua. Kuna anayemfahamu dada mtulivu wa kukaa na Bonge, hata kwa wiki moja tu?