Siku Mama Alipoliambia Jiwe Pole

Ile video ya barabara iliyokatika karibu na Mai Mahiu, Kenya, imerudi tena kwenye kundi letu la WhatsApp. Ni ya Machi 2018, lakini kila mvua ikinyesha kwa fujo kuna mtu huituma, na chini yake maneno ni yale yale: Afrika inagawanyika. Wakati ule wataalamu kadhaa walieleza kwamba maji yalizoa majivu ya volkano yaliyokuwa yameziba ufa wa zamani. Maelezo hayo hayatumwi na mtu. Jana mwanangu aliitazama, akaniuliza nyumba ya nyanya itabaki upande gani.

Nikakumbuka siku tuliyompeleka nyanya yake Taylors Falls.

Kiangazi kile Mama alikuwa amekuja Minnesota, Marekani, na alishachoka kuonyeshwa maduka. Hifadhi ya jimbo ya Interstate, iliyoanzishwa 1895, iko hapo Taylors Falls, kando ya mto St. Croix, mpakani na Wisconsin, na kuna matembezi ya kuongozwa kwenye miamba yake. Mama alijifunga leso, akavaa viatu vya kanisani. Habari ya raba hakutaka kuisikia.

Mwongozaji, kijana mpole, alitushusha hadi ndani ya shimo moja. Mashimo hayo yako mamia. Refu kuliko yote linafika futi 60. Barafu ya kale iliyofunika nchi hii ilipoyeyuka, miaka kama 10,000 iliyopita, maji yalipita hapo kwa nguvu za kutisha, yakizungusha mawe na mchanga mahali pamoja hadi mwamba ukachimbika mviringo kama kinu. Nilipitisha vidole ukutani: laini, na unyevu kidogo.

Kisha akaingia kwenye habari za mwamba wenyewe, nami nikawa namtafsiria Mama. Ni lava iliyoganda miaka bilioni 1.1 iliyopita, bara hili lilipoanza kupasuka. Ufa ulitoka Kansas ukapanda hadi Ziwa Superior, ukateremka tena Michigan. Ungeendelea, hapa pangekuwa bahari. Ulikuwa ufa, akasema, kama ule wa Afrika Mashariki.

Mama akainua mkono. "Mwambie mimi natoka huko. Ndani kabisa."

Nikamwambia. Watu wote wakageuka kumtazama. Mama hakuwajali, alisogea ukutani, akaweka viganja vyote viwili juu ya jiwe, akatulia hivyo kwa muda. Ameishi maisha yake yote Naivasha, karibu na Hell's Gate, mahali ambapo mvuke hutoka ardhini. Nilijua anachotafuta.

"Mbona baridi?"

Kijana akaeleza kwamba joto lilikwisha zamani sana.

"Na huo ufa uliacha kupanuka kwa nini?"

Akasema wako wanaodhani ulibanwa na milima iliyokuwa ikiinuka upande wa mashariki, ila wanajiolojia bado wanabishana. Mama alisikiliza hadi mwisho. Akaupigapiga ukuta taratibu, jinsi anavyompigapiga mfiwa begani, akasema, "Pole. Pole sana."

Hilo sikulitafsiri.

Tulikula sambusa kwenye meza za mbao, tukapiga picha chache, tukaondoka. Ndani ya gari ndipo aliponiuliza kama na ufa wetu utaacha. Nilimwambia kwamba bado unapanuka milimita chache kwa mwaka, kwamba moto ulio chini yake ndio unaotupa umeme wa Olkaria tangu 1981, na kwamba siku moja huenda nao ukapoa, wala si sisi tutakaoiona siku hiyo. Hakulipenda jibu hilo. Alisema kazi ikishaanzwa imalizwe, hata kama watu watalazimika kuhama.

Mimi nafikiria shamba, na kaburi la Baba lililo ndani yake, na hadi leo sijakubaliana naye.