Nilivyoliondoa neno "hutibu" kwenye pakiti zangu

Pakiti zangu za kwanza za unga wa mlonge zilikuwa na maandishi mekundu: HUTIBU KISUKARI, PRESHA, VIDONDA VYA TUMBO. Ndivyo wauza mlonge wengi niliowajua walivyoandika, na mimi niliamini.

Nilipopeleka maombi ya usajili TBS, shirika la viwango la Tanzania, waliokabidhiwa usalama wa chakula mwaka 2019 kutoka TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, afisa aliigeuza pakiti na kuweka kidole juu ya "hutibu". Akaniuliza kama nauza chakula au dawa. Kama ni dawa, niende Baraza la Tiba Asili. Kama ni chakula, neno hilo litoke. Nilikuwa nimeshachapisha stika elfu mbili. Nikarudi nyumbani nimenuna, nikaendelea kuuza mtaani kimyakimya.

Kisha nikakutana na bibi mmoja kwenye maonesho ya wakulima ya Nanenane pale Nzuguni, Dodoma, mteja wangu wa miezi kadhaa. Aliniambia kwa furaha, "Mwanangu, vidonge vya presha nimeviacha, natumia unga wako tu." Miguu yake ilikuwa imevimba, mikanda ya ndala imezama kwenye ngozi. Nilimshika mkono hadi kwenye banda walikokuwa wakipima presha. Muuguzi alipima, akapima tena, akamwandikia aende hospitali siku ileile. Bibi aliendelea kunishukuru, nami sikuwa na pa kuficha uso.

Jioni hiyo nilichoma stika zote.

Kuandika upya kulikuwa kugumu kuliko nilivyodhani. Nilitaka walau "chanzo cha madini ya chuma". Mtaalamu wa lishe akanieleza mwongozo wa Codex, kanuni za kimataifa za chakula: chakula kisicho cha majimaji kinaweza kuitwa chanzo cha madini fulani kama gramu 100 zake zina angalau asilimia 15 ya mahitaji ya mtu kwa siku. Kwa gramu 100 majani ya mlonge hayana shida. Lakini nani anakula gramu 100 za mlonge? Wateja wangu wanatia kijiko kimoja cha chai kwenye uji. Nikaona hata hilo litawadanganya, nikaliacha.

Sasa pakiti inasema: unga wa majani ya mlonge, uzito, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, jinsi ya kutumia. Mauzo yalishuka miezi ya mwanzo, sifichi. Watu bado wanaigeuzageuza pakiti na kuuliza, "Inatibu nini?" Nawajibu ni mboga iliyokaushwa, na kabla sijapokea hela nauliza kama kuna dawa wanazotumia, ili wasiziache.