Kadi za Wageni wa Entebbe

Mwaka 2006 ulikuwa mwaka wa mgao wa umeme. Ukame ulikuwa umeyapunguza maji katika mabwawa ya kufua umeme, Ziwa Victoria lenyewe lilikuwa limerudi nyuma hata mawe yaliyozoea kukaa majini yakabaki makavu, na katika steshenari ya mama mdogo pale Kirumba, Mwanza, ambako nilikuwa nikichapa barua na kadi huku nikisubiri kwenda chuo, tulikuwa na saa nyingi za kukaa mbele ya kompyuta iliyozimika. Kama umeme ungekuwapo siku ile, sentensi moja ya Kiingereza ingechapwa na kusahauliwa mara moja. Badala yake ilijadiliwa tangu adhuhuri hadi jua lilipoanza kuzama.

Sentensi hiyo aliileta mzee mmoja wa mtaani aliyekuwa akimwoza binti yake. Kadi za Kiswahili zilikuwa zimekwisha kugawiwa. Hizi alizitaka kwa ajili ya wazazi na ndugu wa bwana harusi, Waganda wa Entebbe, ambao wangefika Bukoba kwa basi na kuvuka usiku kwa meli ya MV Victoria. Rasimu yake, iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri wa watu waliosoma zamani, ilisema: “It will be an honour for my wife and I to receive you at our home in Kirumba.” Yaani yeye na mkewe wataona ni heshima kuwapokea wageni nyumbani kwao. Kwenye benchi la mlangoni alikuwa ameketi mwalimu mstaafu wa Kiingereza, ambaye kila siku alikuja kusoma gazeti letu bila kulinunua. Aliomba aione rasimu, akaisoma, akatoa kalamu mfukoni.

“Mzee mwenzangu,” alisema, “hiyo ‘I’ haikai hapo. Weka ‘me’.”

“Mwalimu, nakuheshimu, lakini atakayewapokea wageni ni nani? Si mimi na mama watoto? Kitenzi hicho hapo mbele. Anayetenda ni ‘I’, tulifundishwa hivyo. Tena Malkia Elizabeth tumemsikia kwenye redio miaka yote akisema ‘My husband and I’. Malkia naye hajui Kiingereza?”

Hoja ya mzee haikuwa ya kipuuzi, na mpaka leo nadhani alikuwa ameigusa sehemu ngumu kuliko zote. Katika sentensi yake kiwakilishi kimekaa katikati: nyuma yake kuna kihusishi “for”, na mbele yake kuna kitenzi “to receive”. Kihusishi hudai umbo la yambwa, yaani la mtendwa: “me”, “him”, “her”, “us”, “them”. Kitenzi chenye wakati hudai umbo la kiima, yaani la mtenda: “I”, “he”, “she”, “we”, “they”. Mwalimu alieleza kwamba “to receive” ni kitenzi kisichobeba wakati wala nafsi, hivyo hakina nguvu ya kudai kiima, na “for” ndiyo inayoshinda. “My husband and I” ya Malkia, alisema, hutangulia kitenzi chenye wakati, na hapo “I” ni halali yake.

Mzee hakuridhika na istilahi hizo, nami simlaumu. Sisi tunaosema Kiswahili hatuna mahali pa kuzishikia, kwa sababu “mimi” yetu haibadiliki ikiwa mbele au nyuma ya kitenzi, na kazi ya kuonyesha mtenda na mtendwa hufanywa na viambishi ndani ya kitenzi chenyewe. Mwalimu, ambaye bila shaka alikuwa amekutana na wanafunzi wagumu kuliko huyu, akabadili njia.

“Mwondoe mama hapo kwa muda mfupi tu, utamrudisha. Sasa nisomee.”

Mzee akasoma: “An honour for I to receive you.” Akanyamaza, akakisoma tena kimoyomoyo, kisha akacheka. Sikio lake lilikataa lenyewe. Hakuhitaji kuambiwa sheria yoyote, kwa kuwa katika maisha yake yote hakuwahi kumsikia mtu akisema “for I to go”. Wote husema “for me to go”, na vivyo hivyo “for him to go”.

Hapo ndipo nilipoielewa tabia ya lugha ile kwa namna ambayo darasani sikuwahi kuipata. Kiwakilishi kikiwa peke yake, wazungumzaji wa Kiingereza karibu wote hawatetereki, ukiondoa lahaja chache. Kikiunganishwa na mwenzake kwa “and”, ndipo hulegea pande zote mbili: kabla ya kitenzi utasikia “Me and him went”, na baada ya kihusishi utasikia “between you and I”. Mzee mwenyewe ndiye aliyetupa sababu ya jambo hili la pili, bila kukusudia, alipokumbuka kwamba akiwa shule ya kati alichapwa kwa kusema “Me and my brother went to the lake”. Aliambiwa aseme “My brother and I”, na hakuambiwa kwamba sheria hiyo hutumika pale tu kitenzi chenye wakati kinapofuata. Akaondoka na imani kwamba “and me” ni usemi wa watu wasiosoma popote utakapokuwa. Watoto wa Uingereza na Marekani nao husahihishwa hivyo hivyo, na wasomi wa lugha wengi huona kwamba hapo ndipo “between you and I” hupata nguvu.

Lakini si chanzo chake chote, na mwalimu alikuwa mtu wa haki kiasi cha kutoa ushahidi dhidi yake mwenyewe. Alisema kwamba katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa jina la Mabepari wa Venisi, Antonio anaandika katika barua yake: “all debts are cleared between you and I”. Tamthilia hiyo ilichapishwa mwaka 1600, zamani mno kwa viboko vya shule ya kati kusingiziwa. Kisha akatupeleka kwenye Biblia ya King James ya mwaka 1611, Yohana 8:32: “And ye shall know the truth, and the truth shall make you free.” Hapo “ye” ni kiima na “you” ni yambwa. Leo “ye” imetoweka, na lile umbo la yambwa limeketi mbele ya kila kitenzi bila mtu kulalamika.

“Kwa hiyo kosa likikaa sana huwa sheria,” alisema mzee.

“Likikaa sana, ndiyo. Hili lako bado.”

Baadaye, chuoni, nilikuta kwamba sarufi kubwa ya Kiingereza iliyotolewa na Cambridge mwaka 2002 inaukubali usemi wa aina ya “between you and I” kuwa sehemu ya Kiingereza sanifu cha baadhi ya watu, kwa kuwa wanaousema ni wengi na wamo wasomi. Nakubaliana nayo kuhusu mazungumzo. Kwa kadi iliyochapwa, inayosomwa na wakwe, ningebaki na mwalimu.

Nilipendekeza “for us”, mzee akakataa katakata kwamba mkewe hawezi kumezwa ndani ya neno la herufi mbili. Umeme uliporudi nilichapa “for my wife and me”.

Siku ya harusi baba wa bwana harusi, wakili mwenye sauti nzito, alishukuru kwa Kiingereza kirefu. Alisema “with me”, “to me”, “for me” mara nyingi bila kukosea hata mara moja. Kisha alipofika kwenye kumshukuru mwenyeji wake, alisema kwamba ile ilikuwa “a great joy for my wife and I”. Mwalimu aliweka soda yake chini. Mzee alitugeukia kutoka meza kuu, akatunyooshea kidole mbele ya watu wote, na alipopita kwenye meza yetu kusalimia alituarifu kwamba bado ana binti mwingine, na kwamba kadi za huyo ataziandika mwenyewe.