Steji ya Chavakali

Agosti 2006. Baba alikuwa amelala mochari ya Russia siku ya sita, huku harambee nyumbani ikisuasua. Hospitali kuu ya Kisumu watu waliiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti; jina rasmi limebadilika tangu hapo, la mtaani halijabanduka. Kibali cha mazishi tulikuwa nacho. Kilichobaki ni sanduku na gari.

Nje ya geti tulivamiwa na mabroka. Mmoja alinishika mkono, akanionyesha picha za masanduku yenye vioo, akaniambia la bei ya chini ni aibu kwa mzee. Nilikuwa na miaka 22, nusura nimwamini. Baba mdogo akanivuta, tukavuka barabara hadi kibanda cha mabati kilichonuka vanishi.

Walikuwa watatu: mzee fundi, mkewe aliyeshona satini ya ndani, na kijana wao dereva, ambaye tuliona miguu tu ikichungulia chini ya gari. Hakuna aliyetuuliza tuna pesa ngapi. Yule mama alitoa pini mdomoni, akanisogezea kigoda.

"Alikuwa mrefu kiasi gani?"

Sikujua. Nani hupima baba yake?

"Basi simama, mwanangu. Nionyeshe alikuwa anakuzidi wapi."

Nikasimama, nikainua mkono juu ya kichwa changu, pale utosi wake ulipokuwa ukifika tukikutana mlangoni. Mkono ukakwama hapohapo. Mama akapima kwa futikamba yake ya kushonea, toka sakafuni hadi kiganjani, bila haraka, kisha akaushika mkono wangu akauteremsha mwenyewe.

Akauliza Baba alifanya kazi gani. Nikamwambia: dereva wa matatu, Nissan ya Kisumu–Kakamega, miaka 19, na kila siku alizilalamikia zile sheria za 2004 za mikanda na abiria 14. Miguu chini ya gari ikaacha kutikisika.

Baba mdogo naye alianza kupatana bei kama anayenunua kondoo soko la Luanda. Nilitamani ardhi inimeze. Mzee hakukasirika. Walianzia 15,000, wakashuka hadi 12,000 pamoja na gari, nusu siku hiyo na nusu baada ya matanga, ikaandikwa kwenye daftari la shule. Hatukuweka sahihi popote.

Kesho yake mzee aliingia mochari mwenyewe kumvalisha. Alipotoka alinirudishia mfuko tulioleta nguo, ndani yake tai moja.

"Mlileta mbili. Nimemfunga ile iliyochakaa shingoni. Nimeona hiyo ndiyo alikuwa akiipenda."

Ilikuwa hiyo. Ile mpya alinunuliwa na sisi watoto, na hakuivaa hata mara moja.

Tuliondoka saa tisa alasiri. Mimi na baba mdogo tulikaa nyuma, sanduku katikati yetu. Tulipofika Mamboleo kijana alipunguza mwendo, akashusha kioo, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mamboleo, mzee." Kisha akaongeza gia. Nilidhani nimesikia vibaya. Tukapanda mlima wa Riat, mvua ikaanza. "Kiboswa, mzee." Nikamtazama baba mdogo, alikuwa ameangalia viatu vyake. Gambogi. Majengo. Kila steji gari lilitambaa kidogo, kama linalongoja abiria, na watu waliojikinga mvua chini ya vibanda wakavua kofia.

Mbale nilikuwa nimeshaanza kuyasema majina pamoja naye, chinichini.

Chavakali kijana alitoa mkono nje dirishani kwenye mvua, akapiga bodi ya gari mara mbili kwa kiganja.

"Chavakali, mzee. Yako hii."

Kimya. Kisha baba mdogo, aliyekuwa hajatamka neno tangu tutoke Kisumu, akakohoa.

"Shukisha, dere," akasema.