Siku Tuliyokwenda Kumtafuta Sange

Mwaka 2009 nilikuwa nimeshamaliza skuli, nipo Kitogani, Unguja, namsaidia ami yangu kazi za shamba, alipokuja kijana mmoja wa Morogoro aliyekuwa akisomea wanyama Chuo Kikuu cha Sokoine. Akaomba aonyeshwe sange, yule mnyama mdogo wa msituni mwenye pua ndefu. Wazee walimtazama mara mbili. Wageni wa msitu wa Jozani huja kwa ajili ya kima punju, na sange ni mnyama ambaye hata sisi wenyeji hatukuwa tukimjali.

Ami alikubali kwa sharti moja: "Huko mwanangu macho yaacheni, tegeni sikio."

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri pamoja na mlinzi wa msitu. Tukakaa chini ya mitondoo, hata kukohoa haturuhusiwi. Jua lilikuwa limeshapanda majani yalipoanza kuchakarika, yakanyamaza, yakachakarika tena. Akatokeza. Kichwa na mabega rangi ya kutu, nyuma mweusi ti, miguu myembamba, na ile pua ndefu ikigeuka huku na huku na kupenya chini ya majani. Alifukua kishimo kwa kucha, akatoa mdudu, akala, akasonga mbele. Mlinzi alipohamisha mguu, sange akapiga mkia juu ya majani makavu, akatimka.

Ami akatuonyesha anapolala: kishimo kifupi kilichotandikwa majani na kufunikwa kwa majani mengine. Ungelikanyaga usijue.

Kijana wa Morogoro alitupa maelezo ambayo bado nayakumbuka. Sange si panya, wala si kirukanjia ingawa pua zao zinafanana. Nasaba yake iko kwa tembo, nguva na pelele. Ami akauliza, "Pelele huyu huyu anayetupigia kelele usiku?" Huyo huyo.

Akatueleza pia habari za milima ya Udzungwa, huko bara. Mwaka 2005 kamera iliyotegwa katika msitu wa Ndundulu ilimpiga picha sange mwenye uso wa kijivu, mkubwa kuliko wetu, uzito wake kama gramu 700. Mwaka 2008 wataalamu wakamtangaza kuwa ni aina mpya. Anapatikana katika misitu miwili tu, Ndundulu-Luhomero na Mwanihana. Huko huko yuko kirukanjia mdogo aliyetangazwa mwaka 2005, naye hajulikani kwengine. Msitu wa mlimani una unyevu, ukungu na majani mengi ya kuoza yenye wadudu. Ukishuka unakuta nyasi na joto kali, na mnyama mdogo kama huyo hawezi kuvuka kwenda mlima wa pili. Kwa hiyo kila mlima ni kisiwa, akasema.

Hapo nikamkumbuka mama yangu, Mpemba wa Wete, ambaye sange hakuwa akimjua hata kwa jina. Kijana akanieleza sababu. Bahari iliposhuka zama za barafu, Unguja iliungana na bara, na wanyama wakapita kwa miguu. Pemba imezungukwa na mkondo wenye kina kirefu, na ilishatengana na bara zamani sana kabla ya hapo. Sange hakupata njia ya kufika.

Wakati wa kurudi tulipitia maweni, mahali palipokatwa miti kwa ajili ya kuchomea chokaa. Kijana alitafuta kitanda cha sange muda mrefu, asipate hata kimoja. Ardhi ilikuwa mawe matupu na majani machache yaliyokaushwa na jua. Ami alisema alikuwa akiwasikia hapo alipokuwa kijana, kila asubuhi. Alisema kwa uchungu ambao sikuuzoea kwake, na mimi uchungu huo ninao mpaka leo nikipita pale.

Wiki ile ile Ami alikwenda mbele ya kamati ya msitu ya kijiji kuomba uachwe ukanda wa miti kutoka msituni hadi maweni, na majani yake yasichomwe.